Breki Haziishi kwa Siku Moja

Malori yanayotoka Tunduma kwenda Dar es Salaam hufika Kitonga yakiwa na shaba ya Zambia na Kongo mgongoni, na hapo ndipo barabara inapoanza kuinama. Kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa, lami inashuka kwa kujipinda ubavuni mwa mlima, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili. Aliye chini ya mteremko huo hahitaji kuambiwa kinachoendelea huko juu. Harufu ya breki zilizoungua humfikia kabla ya lori lenyewe.

Ajali ikitokea mahali kama hapo, maelezo huwa mafupi: gari lilikatika breki. Februari 24, 2024, watu 25 walipoteza maisha Ngaramtoni, kwenye barabara ya Arusha kwenda Namanga, baada ya lori kuyagonga magari mengine. Taarifa ya awali ilitaja hitilafu ya breki za lori hilo. Miezi minane kabla, Juni 30, 2023, lori lililomshinda dereva wake liliparamia magari na wafanyabiashara wa kando ya barabara katika makutano ya Londiani, nchini Kenya, na zaidi ya watu 50 wakafa.

Anayesoma habari za namna hii huinamisha kichwa, kisha hufungua ukurasa mwingine akiamini kwamba breki hukatika tu, kama mkosi. Gereji ina maelezo mengine. Nyingi kati ya breki zinazosemwa zimekatika ghafla zilikuwa zikilika, zikivuja au zikipikwa kwa joto kwa majuma na miezi. Zilipiga kelele, zikanuka, zikalegea, na mwenye gari akazoea. Kinachofuata ni namna ya kuzisikia kabla hazijanyamaza, iwe kwa mwenye gari dogo la IST la kwenda kazini au mwenye basi la kwenda mkoani.

Kazi ya breki ni joto

Breki haiufuti mwendo wa gari. Inaugeuza kuwa joto. Gari dogo la kilo 1,400 likitoka kilomita 100 kwa saa hadi kusimama, breki zake hupokea nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji ya bomba. Likitoka 50, nishati hiyo haiwi nusu; huwa robo. Hesabu hii huwapiga chenga madereva wengi. Mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki huzidi mara nne, na umbali ambao gari litaendelea kusota huongezeka vivyo hivyo.

Jedwali la Highway Code, kitabu cha sheria na ushauri kwa watumiaji wa barabara nchini Uingereza, linaonyesha jambo hilo kwa mita. Kwa mwendo wa kilomita 48 kwa saa, gari dogo lenye breki nzima kwenye lami kavu huhitaji mita 23 kusimama. Kwa kilomita 96 huhitaji mita 73. Sehemu ya umbali huo huisha kabla mguu haujagusa pedeli, maana macho yanaona, akili inaamua, ndipo mguu unahama. Kwenye kilomita 80 kwa saa, sekunde moja tu ya kuzubaa ni mita 22 za barabara. Anayetupia jicho ujumbe kwenye simu kwa sekunde mbili ameshapita mita 44 bila dereva.

Mlima huleta mzigo wa pili. Lori la tani 30 likishuka mita 300 kutoka kilele hadi bondeni, hata likienda polepole kiasi gani, uzito wake pekee hutoa nishati ya kuchemsha zaidi ya lita 250 za maji. Nishati hiyo lazima ipate wa kuibeba. Injini ikiwa kwenye gia ndogo hubeba sehemu kubwa. Gia ikiwa kubwa, au gari likiachwa fri, yaani bila gia, breki hubeba karibu yote. Zikizidiwa, pedi hupoteza mshiko, na dereva hukanyaga kwa nguvu ileile aliyoizoea bila kupata kitu.

Vinavyolika na dalili zake

Mbele, magari mengi ya siku hizi yana diski mbili za chuma, kila moja ikibanwa na pedi mbili. Nyuma, magari mengi madogo bado yana ngoma, ambamo ndani yake mna shuu zinazotanuka na kukwaruza ukuta wa chuma. Gari likifunga breki, uzito mwingi hukimbilia mbele, kwa hiyo breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi na ndizo zinazokwisha mapema.

Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi, bila kuhesabu bati la nyuma yake. Hulika kidogo kidogo kama kipande cha sabuni, na ikibaki milimita 3 muda wake umetimia. Hakuna kilomita maalumu za kungojea. Gari la foleni za Mwenge na Buguruni jijini Dar es Salaam, linalokanyagwa breki kila baada ya mita chache, humaliza pedi mapema kuliko gari la namna hiyohiyo linalosafiri kati ya Dodoma na Singida. Wala haitoshi kuchungulia kwa tochi ya simu kupitia matundu ya rimu, maana jicho huiona pedi ya nje tu, na mara nyingi ya ndani ndiyo iliyolika zaidi. Tairi livuliwe.

Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma uliowekwa makusudi ili ukwaruze diski pale unene unapokaribia kwisha. Huo mlio mwembamba unaosikika dereva anapokanyaga, na wakati mwingine hata asipokanyaga, ni kengele iliyotegwa kiwandani. Wapo wanaoongeza sauti ya redio. Wengine humwomba fundi aukate ulimi huo "ili gari litulie". Baada ya mlio mwembamba huja mngurumo wa chuma kwa chuma, na kuanzia hapo kila breki inachimba diski. Pedi za bei ya kawaida zilizoahirishwa zimegeuka kuwa pedi na diski.

Dalili nyingine kila moja ina chanzo chake, na mwenye gari akizitenganisha humrahisishia fundi kazi.

Usukani au pedeli ikitetemeka wakati wa kufunga breki, mara nyingi diski imelika kwa kupishana, sehemu nyembamba na sehemu nene. Diski nyingi zimegongwa alama ya unene wa chini unaoruhusiwa. Fundi anayetaka kuichonga aipime kwanza kwa kifaa, kwa sababu diski iliyochongwa kupita kipimo hicho hupata moto haraka na inaweza kupasuka. Gari likivuta upande mmoja, huenda kalipa, kile kibano kinachozibana pedi, imekwama upande mmoja, au mpira wa breki umeziba kwa ndani, au upepo wa matairi haulingani. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine baada ya safari fupi, pedi zake haziachii.

Pedeli yenyewe husema mengi. Ikiwa laini na inanepa, kuna hewa katika mfumo. Ikishuka taratibu kuelekea sakafuni huku mguu umeikandamiza, mipira ya masta silinda, pampu kuu ya mafuta ya breki, imechoka, au mafuta yanavuja mahali. Ikiwa ngumu kama jiwe, shida huenda iko kwenye busta, kifaa kinachotumia mvuto wa injini kuusaidia mguu.

Yapo majaribio mawili yasiyohitaji spana, na kila dereva anaweza kuyafanya nyumbani gari likiwa limesimama mahali tambarare. La kwanza, injini ikiwa imezimwa, aikanyage pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, aishikilie hapohapo, kisha awashe injini. Pedeli ikishuka kidogo, busta inafanya kazi. Isipotikisika, gari liende kwa fundi. La pili, injini ikinguruma, aikandamize pedeli kwa nguvu ya kawaida na kuishikilia kwa nusu dakika. Ikibaki ilipo, vizuri. Ikizama, gari hilo lisiende popote pasipo kuangaliwa.

Mafuta yanayokunywa maji

Sehemu inayosahauliwa kuliko zote iko ndani ya kikopo kidogo chini ya boneti. Mafuta ya breki si mafuta ya kulainisha. Kazi yake ni kusafirisha nguvu ya mguu hadi kwenye magurudumu, na huweza kufanya hivyo kwa sababu kimiminika hakikubali kushindiliwa. Tatizo ni kwamba mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa, kupitia mipira na kila kifuniko kinapofunguliwa, na katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Dar es Salaam unyevu si kitu cha kutafuta.

Mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi. Yakishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Katika mizunguko ya mjini tofauti hiyo haionekani. Huonekana siku gari limejaa abiria na mizigo likishuka mlima Sekenke, au likiteremka kutoka Kimende kwenda Mai Mahiu, na dereva amekanyaga breki dakika tano mfululizo. Joto la kalipa huhamia kwenye mafuta, maji yaliyomo huchemka na kuwa mvuke, na mvuke hushindiliwa. Pedeli huenda sakafuni bila upinzani. Gari likipoa, breki hurudi kama kawaida, fundi akiangalia haoni kitu, na mwenye gari hubaki akisema kulikuwa na mkono wa mtu.

Watengenezaji wengi wa magari hushauri mafuta haya yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halikutembea sana. Kubadilisha maana yake ni kuyatoa yote ya zamani kupitia nati ndogo za kila gurudumu mpaka yatoke mapya na hewa iishe. Kunyonya ya kwenye kikopo na kumimina mengine juu hakutoshi, kwa sababu yaliyo karibu na joto ni yale ya chini.

Kiwango cha mafuta katika kikopo nacho kina lugha yake. Pedi zinapolika, pistoni za kalipa hutoka nje zaidi, na mafuta hushuka kidogo kufuata nafasi hiyo. Ndiyo maana kushuka kidogo kidogo kwa miezi ni ishara ya kupima pedi, na kushuka kwa siku chache ni ishara ya kuvuja. Anayejazia kila mara bila kuuliza anaificha habari ileile aliyokuwa anaihitaji. Na asijazie kitu kingine chochote: mafuta ya injini au ya usukani yakiingia humo huivimbisha mipira yote ya mfumo, na bili yake ni ya kubadilisha karibu kila kilicho na mpira ndani.

Gereji na duka la spea

Kirinyaga Road ya Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, na mitaa ya Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, huuza pedi za bei tatu kwa gari moja: ile inayoitwa orijino, ile ya kati, na ile ambayo muuzaji mwenyewe hukwepa kuisemea sana. Boksi si ushahidi. Maboksi ya majina makubwa huigwa vizuri kuliko vilivyomo. Mnunuzi aiangalie pedi yenyewe. Namba iliyochapwa kwenye bati isomeke na ifanane na ya boksi, uso wa pedi uwe sawa bila nyufa wala mapovu, na gundi isiachie pembeni. Pedi zote nne za ekseli ziwe za aina moja. Muuzaji wa miaka mingi anayekubali kurudishiwa mali ana thamani kuliko punguzo la siku hiyo.

Pedi au shuu hubadilishwa kwa jozi za ekseli, kushoto na kulia kwa pamoja, hata kama upande mmoja unaonekana mzima. Zikipishana, gari litavuta upande dereva anapofunga breki kwa dharura, yaani wakati ambao hana nafasi ya kulirekebisha. Fundi anayejua kazi husafisha pia pini ambazo kalipa huteleza juu yake, na huzipaka grisi maalumu inayostahimili joto. Grisi ya kawaida huyeyuka. Ikidondokea kwenye diski, pedi mpya zimeharibika kabla ya kutumika.

Mambo mawili mwenye gari ayakatae hata fundi akiwa rafiki wa siku nyingi. La kwanza ni kuziba njia ya mafuta ya gurudumu linalovuja ili gari "lisukume siku mbili tatu" kwa magurudumu matatu. Siku mbili tatu huwa miezi, na gari hilo likifunga breki kwenye lami yenye maji linaweza kuzunguka. La pili ni kupuliza vumbi la breki kwa mdomo au kwa kompresa. Kwa miongo mingi pedi na shuu zilitengenezwa kwa asbesto, inayosababisha saratani ya mapafu, na si rahisi kujua ni nini kilichomo katika zile zisizo na jina. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kilicholowa.

Baada ya kufungwa, pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Kwenye barabara tulivu, gari lipelekwe kilomita 50 au 60 kwa saa, lipunguzwe kwa breki ya wastani mpaka karibu lisimame, lipewe nafasi ya kupoa, na zoezi lirudiwe mara kadhaa. Anayetoka gereji na kuingia moja kwa moja kwenye safari ya Moshi, akafunga breki kali mbele ya punda wa kwanza, asishangae gari likichelewa kusimama.

Mguu wa dereva

Breki nzima kabisa huweza kuuawa na mwendeshaji ndani ya mteremko mmoja. Kanuni ya wazee wa barabara haijapitwa na wakati: mlima hushukwa kwa gia uliyoupandia, au ndogo zaidi. Gia huwekwa kabla ya kuanza kushuka, kwa sababu mwendo ukishakuwa mkubwa gia ndogo inaweza kukataa kuingia, na dereva akabaki fri. Kisha breki itumike kwa vipindi. Dereva akanyage kwa uthabiti hadi mwendo ushuke chini ya ule alioukusudia, aachie kabisa, gari lijivute lenyewe, akanyage tena. Kuuweka mguu juu ya pedeli muda wote, hata kwa ulaini, huzinyima breki nafasi ya kupoa.

Kushuka fri ili kuokoa mafuta ni hasara iliyovaa nguo ya akiba. Injini nyingi za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linaposhuka kwa gia bila mguu kwenye pedeli ya mafuta, kwa hiyo fri hutumia zaidi. Anayezima injini kabisa hupoteza msaada wa busta baada ya kukanyaga mara moja au mbili, usukani huwa mzito, na ufunguo ukitolewa, usukani hujifunga.

Waendeshaji wa magari ya otomatiki hujidanganya kwamba mambo haya ni ya wenye gia za mkono. Magari mengi ya otomatiki yana nafasi za L, 2 au S, mengine kitufe cha O/D, na magari ya haibridi kama Prius na Aqua yana B. Zote hizo husaidia kwenye mteremko. Aliyeacha D kutoka juu hadi chini ameziachia breki kazi ambayo injini ingeifanya bure. Mwenye haibridi ana jambo lake la ziada. Breki zake husaidiwa na mota ya umeme, hivyo pedi hudumu, lakini diski zisizoguswa sana hushika kutu, hasa karibu na bahari, na kalipa huweza kuganda. Zikaguliwe hata kama pedi bado ni nene.

Mfumo wa ABS, ambao Bosch na Mercedes-Benz waliuingiza katika magari ya S-Class mwaka 1978, sasa umo katika magari mengi yanayotoka Japani. Kazi yake ni kuzuia magurudumu yasikwame ili usukani uendelee kutii. Katika dharura, dereva wa gari hilo akanyage kwa nguvu zote na asiachie, huku akilielekeza gari penye nafasi. Pedeli itagonga mguu na kutoa sauti ya kukwaruza. Hiyo ni dalili kwamba mfumo unafanya kazi. Kwenye changarawe na vumbi jingi, ABS huweza kuongeza umbali wa kusimama, na dawa ya hilo ni kupunguza mwendo kabla ya kuacha lami.

Mvua nayo ina somo lake. Aliyevuka maji ya Jangwani, Dar es Salaam, baada ya mvua kubwa aikanyage breki taratibu kwa sekunde chache akiwa bado anaenda polepole, ili joto likaushe diski na ngoma. Asingoje kulihakiki hilo mbele ya kivuko cha watembea kwa miguu.

Magari makubwa na waliomo ndani

Malori na mabasi makubwa hutumia breki za upepo, na watu wengi huamini kwamba upepo ukiisha gari linakosa breki. Ni kinyume. Breki za maegesho za magari hayo hushikiliwa wazi na upepo. Ukipungua sana, springi zenye nguvu hujifunga na gari hugoma kwenda. Kwa hiyo lori linalokimbia mlimani bila kushikika mara nyingi lina shida nyingine. Ngoma zimepata moto na kutanuka, shuu zimeachwa mbali nazo kwa kutorekebishwa, breki za tela hazifanyi kazi na kichwa kinabeba mzigo wote, au mtu alizifunga springi kwa bolti ili gari lisimsumbue njiani. Tani za ziada juu ya uzito ulioruhusiwa humalizia kazi hiyo.

Mwenye lori au basi anaweza kudai mambo machache kila asubuhi kabla ya gari kutoka. Maji yatolewe kwenye mitungi ya upepo. Injini ikizimwa, geji itazamwe dakika chache kama inashuka. Breki za kila gurudumu, la tela pia, zipimwe kama zimekaa karibu na ngoma. Breki ya ekzosti ijaribiwe. Na ratiba impe dereva muda wa kushuka mlima taratibu, kwa maana dereva anayekatwa mshahara kwa kuchelewa atafidia muda wake Kitonga.

Ngoma zilizopata moto zisimwagiwe maji. Chuma hicho huweza kupasuka. Zipozwe kwa kuendesha taratibu mahali tambarare, au kwa kusimama na kuweka kigingi kwenye tairi. Mwendo nao una mpaka: mabasi na malori nchini Tanzania hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa nje ya miji. Abiria anayesikia harufu ya breki mlimani ana haki ya kumwita konda na kumwambia gari lisimame lipoe, hata kama wenzake wanamwona mwoga.

Pedeli ikienda sakafuni

Hilo linapotokea, sekunde ni chache na mpangilio husaidia. Katika gari dogo, dereva aikanyage pedeli harakaharaka mara nyingi. Mara nyingine shinikizo hurudi. Wakati huohuo ashushe gia moja baada ya nyingine, asiruke kutoka ya nne hadi ya kwanza. Hendibreki aivute kidogo kidogo huku amebonyeza kitufe chake, ili magurudumu ya nyuma yasikwame na gari kuzunguka. Kwa magari yenye hendibreki ya swichi, mengi hufunga breki ya dharura swichi ikishikiliwa. Taa za tahadhari ziwashwe na honi ipigwe mapema, kwa sababu walio mbele ndio wenye nafasi ya kukwepa. Injini isizimwe.

Kisha itafutwe sehemu ya kulipokonya gari mwendo: njia inayopanda, mchanga, shamba la mahindi, au ukingo wa udongo ambao ubavu wa gari unaweza kuusugua. Dereva wa gari la breki za upepo asikanyage mara kwa mara kama wa gari dogo, kwa maana kila kukanyaga hutumia upepo uliobaki.

Hayo ni ya siku moja mbaya. Ya siku nyingine zote yanaingia kwenye daftari dogo ndani ya dashibodi: tarehe na kilomita za kubadilisha pedi, tarehe ya kubadilisha mafuta ya breki, unene wa diski mara ya mwisho zilipopimwa. Kila mwezi boneti ifunguliwe na kikopo kitazamwe dhidi ya alama zake mbili. Kabla ya safari ndefu, magurudumu yavuliwe.

Na siku ya kubadilisha pedi, mwenye gari asiondoke gereji bila kuziona za zamani. Azipange mezani, za kushoto na za kulia, azitazame unene wake. Zikiwa zimelika sawasawa, alipe na aende. Moja ikiwa na milimita 5 na mwenzake imebaki bati tupu, kalipa ya upande huo imekwama au pini zake zimekauka, na pedi mpya zitakwisha vivyo hivyo. Gari lirudishwe kwenye jeki.